Kipimo cha Arobaini na Moja

Nchi yenyewe haina jina. Ilikuwa nalo, lakini lilipelekwa Ofisi ya Itifaki likafanyiwe ukarabati, na mpaka leo faili halijarudi. Msimulizi asilaumiwe kwa hilo. Yeye anasema aliyoyasikia, tena kwa adabu, na mwenye macho haambiwi tazama.

Katika nchi hiyo, Mtukufu Mkuu wa Nchi hakuamini kitu alichoambiwa kwa mdomo. Midomo ilikuwa imeidanganya nchi sana, hasa wa kwake mwenyewe. Kwa hiyo alijengewa Ubao wa Taifa, kioo kikubwa kama ukuta wa ghala, kikatundikwa ndani ya Ukumbi wa Ukweli. Chini ya kioo palikuwa na swichi ya shaba ya kuzungusha, mfano wa zile za redio za zamani, yenye alama arobaini na moja, moja kwa kila wizara. Mtukufu akiisogeza kwenye Ulinzi, Ubao unamwonyesha kipimo cha ulinzi. Akiisogeza kwenye Sherehe, anaona kipimo cha sherehe, na kuendelea hivyo hadi alama ya mwisho kabisa, Maji. Sheria nayo ilisema waziwazi: hakuna gari la serikali litakalokwenda kumsaidia mwananchi yeyote mpaka Mtukufu aione shida ya mwananchi huyo Ubaoni kwa macho yake mawili, kisha atamke kwa kinywa chake, "Yaende." Ilikuwa sheria nzuri. Ilizuia magari kwenda ovyo.

Dosari ilikuwa moja tu: Ubao ulikuwa mzito. Swichi ikigeuzwa, kioo kilileta picha ya tai wa taifa akipiga mbawa polepole, ishara kwamba mashine inakokotoa, na tai huyo alipiga mbawa kwa dakika arobaini na tatu. Subira ya Mtukufu ilikuwa dakika tisa. Daktari wake aliipima, na matokeo yakatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kwa fahari, maana mtangulizi wake alikuwa na dakika nne. Ikifika ya kumi, Mtukufu aliinuka akaenda kula. Vipimo vya juu, kama Ulinzi na Sherehe, alivijua kwa sababu mawaziri wake walimletea vimeandikwa kwenye kadi zenye maua. Lakini kipimo cha Maji, tangu Ubao uzinduliwe, hakuna binadamu aliyewahi kukiona ukumbini humo.

*

Aliyeutunza Ubao aliitwa Sikudhani, mtakwimu daraja la pili, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Daraja la kwanza halikuwa na mtu. Lilikuwa limehifadhiwa kwa ajili ya mpwa wa waziri fulani, ambaye bado alikuwa anajifunza kujumlisha.

Sikudhani alizaliwa Gongwe, wilaya ya mwisho kusini. Dada yake mkubwa, Siwema, alikuwa muuguzi katika zahanati ya huko. Miaka minne kabla ya mambo haya, pampu ya Gongwe ilikufa, na tangu siku hiyo watu wakawa wanakunywa kwenye lambo moja na ng'ombe. Kipindupindu kilikuja, kikaonja, kikapapenda. Kilichotakiwa ni magari ya kuchimba visima, nayo yalikuwepo, kumi na mawili, yamepangwa yadi yakiwa yamepakwa rangi mpya, yakingoja neno moja la Mtukufu.

Kila Jumatatu Siwema alipiga simu.

"Siku, mdogo wangu. Namba zetu zimefika?"

"Zimefika, dada. Zimo ndani ya Ubao."

"Sasa mbona magari hayaji?"

"Hajaziona bado. Ubao ni mzito."

"Si umwambie angoje kidogo?"

"Dada, mtu kama yule haambiwi angoje."

Siwema alikuwa akishusha pumzi, kisha anamsomea wafu wa wiki hiyo, jina na umri. Wawili. Mmoja. Watano. Sikudhani aliwaandika, akawaingiza kwenye mashine, akaenda kunywa chai. Si kwamba hakuumia. Aliumia, lakini aliumia kwa utaratibu, saa za kazi, kama watumishi wa umma wa nchi ile walivyofundishwa.

Na alijua kwa nini Ubao ni mzito. Alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza kazini, miaka mitano nyuma, alipoifungua fomula na kuisoma. Fomula ile haikuanza kwa kuuliza Mtukufu ametaka nini. Ilianza kwa kukokotoa vipimo vyote arobaini na moja, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata vyeo, na mwisho kabisa ndipo ilipouliza: haya, ulitaka kipi? Ikishajibiwa, ilikitoa hicho kimoja na kuvitupa vile arobaini. Tena kila kipimo kilianza kwa kuwahesabu wananchi wote upya, mmoja mmoja, kwa sababu hakuna wizara iliyoamini wananchi wa wizara nyingine. Ili Mtukufu ajue visima vya Gongwe, mashine iliwahesabu wananchi mara arobaini na moja, ikapima urefu wa mazulia mekundu yaliyotandikwa mwaka huo, ikajumlisha makofi ya bungeni, ikapiga wastani wa vitambi vya majenerali, ndipo ikateremka hadi kwenye maji.

Msidhani ni uzembe. Ilikuwa itifaki. Zamani waziri mmoja aliitwa Ikulu peke yake, na wenzake wakadhani ameteuliwa kuwa mrithi. Kufikia jioni thelathini walikuwa wamempelekea zawadi na kumi wamempelekea sumu, na baadhi ya wapishi walichanganya vifurushi. Kuanzia hapo ikawa amri: aitwapo mmoja, waitwe wote. Aliyeandika fomula ya Ubao aliitii amri hiyo, akapewa nishani.

Je, Mheshimiwa Kingwande, Waziri wa Maji, alihuzunika kuwa wa mwisho katika safu? Thubutu! Mwanzoni alikuwa wa tatu. Alisimama bungeni akalia machozi halisi, akaomba ashushwe hadi chini kabisa, ajifunze unyenyekevu. Wenzake walipogundua kwamba waziri wa chini haulizwi kadi wala haonekani Ubaoni, unyenyekevu ukalipuka nchini kama surua. Waziri wa Elimu na Waziri wa Afya walikunjana mashati wakigombania nafasi ya arobaini.

Sikudhani aliandika barua ya ukurasa mmoja kupendekeza kwamba swali litangulie, hesabu zifuate. Bwana Kihongwe, Mkuu wa Itifaki, alimjibu kwamba wazo lake ni zuri mno, na kwamba litaanza kutumika mara tu litakaposainiwa na mawaziri wote arobaini na mmoja, kwa mfuatano wa vyeo. Baada ya miaka mitano barua ilikuwa na sahihi kumi na nane. Waziri wa kumi na tisa alikuwa likizo. Sikudhani aliweka nakala kwenye droo, akangoja. Tuseme ukweli, hakuipigania. Alikuwa na nyumba ya serikali yenye mabomba mawili, na watu walimwamkia vizuri.

*

Pengine mambo yangebaki hivyo mpaka Gongwe yote iishe, lakini Mtukufu aliaibika, na hilo katika nchi ile lilikuwa jambo zito kuliko kipindupindu.

Alimpokea mgeni, mkuu wa nchi jirani, akamwingiza Ukumbi wa Ukweli kumringishia Ubao. "Chagua chochote," akamwambia. Mgeni akaisogeza swichi kwenye Maji, kwa kuwa alama hiyo ilikuwa karibu na mkono wake. Tai akaanza kupiga mbawa. Mgeni akanywa kikombe cha kwanza cha chai, akanywa cha pili, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mbwa. Mwisho akapiga mwayo, akasema, "Wetu ni sekunde mbili."

Usiku wa aibu hiyo hausimuliwi. Asubuhi Mtukufu alihutubia taifa. "Nawapa siku kumi na nne!" akanguruma. "Ubao wangu uwe na kasi kuliko wa jirani. Ama sivyo, badala ya swichi nitaanza kuzungusha shingo!"

Ikaundwa Tume ya Kasi, wajumbe sitini na watatu, mwenyekiti Bwana Kihongwe. Siku mbili za mwanzo walijadili nani akae wapi. Siku ya tatu Bwana Kihongwe alifungua kikao kwa hotuba. "Waheshimiwa," alisema, "kasi si kukimbia. Mwizi naye hukimbia. Kasi ya kweli ni ile hali ya taifa kufika lilikokuwa linakwenda, bila ya kuonekana kwamba lilikuwa na haraka." Wajumbe walipiga makofi hadi mmoja akateguka kidole.

Siku ya sita walitoa azimio la kwanza: tai aondolewe, awekwe duma. Duma akawekwa, akakimbia kwenye kioo vizuri sana kwa dakika arobaini na tatu zilezile. Siku ya nane wakatoa azimio la pili: saa ya ukutani humo ukumbini ipunguzwe mwendo, ili dakika arobaini na tatu zisomeke nane. Ilipunguzwa. Tumbo la Mtukufu, ambalo halikushirikishwa katika azimio hilo, lilinguruma kwa wakati wake wa kawaida, akaenda kula.

Sikudhani alikuwa mle kikaoni kwa kazi ya kuandika kumbukumbu. Siku ya tisa aliinua mkono. Watu walidhani anaomba ruhusa ya kwenda msalani, wakamruhusu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mashine haina ugonjwa," alisema. "Tatizo ni mpangilio. Ukienda kwa mama ntilie ukaagiza chai, hapiki kwanza ugali, na pilau, na ndizi, na supu, halafu amwage vyote akupe chai. Anakuuliza kwanza unataka nini."

Bwana Kihongwe alimtazama kwa huruma ya dhati.

"Na huyo mama ntilie, binti yangu, ana katiba?"

"Hana, mzee."

"Ana mawaziri?"

"Hana."

"Basi ndiyo maana chai yake inawahi. Andika kwenye kumbukumbu kwamba mtakwimu ametoa mfano wa chakula, na Tume imeona njaa. Tuahirishe kidogo."

Wakaahirisha. Chai ya Tume ilikuwa inachukua saa tatu, pamoja na vitafunwa.

*

Jumatatu ikafika. Siwema alipiga simu, lakini hakuuliza habari za namba.

"Dada, nisomee," Sikudhani alisema. "Kalamu ninayo."

"Leo sikusomei."

"Kwa nini?"

"Karatasi imejaa, Siku. Nimeandika mbele na nyuma. Mama Tunu amezika wanawe watatu tangu Alhamisi, na wa mwisho tulimfunika kwa pazia la zahanati kwa sababu shuka zimekwisha. Unamkumbuka Mama Tunu? Aliyekufundisha kusuka?"

"Namkumbuka."

"Basi." Simu ikakatika.

Sikudhani alikaa ameishika ile simu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alipatwa na hasira ambayo haikuwa na ratiba. Aliichukia Tume, akamchukia duma, akayachukia yale makofi. Na chini ya hayo yote kulikuwa na chuki nyingine ndogo, ya kujichukia, ambayo hakuitazama usoni.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Tume ilipokwenda kunywa chai, alikaa mbele ya mashine, milango wazi, watu wakipita, akaifungua fomula. Alilichukua lile swali la mwisho akalipeleka mwanzo: Mtukufu ametaka kipi? Kile kilichotakiwa kikokotolewe. Vingine vilale hadi vitakapoitwa. Akawahesabu wananchi mara moja tu, akaiandika hesabu yao juu kabisa, ili kila wizara iitumie hiyohiyo, itake isitake. Akayafuta na yale mazulia kwenye njia ya kwenda kwenye maji. Alipomaliza, sambusa za Tume zilikuwa bado hazijaletwa. Akasogeza swichi kwenye Maji. Duma hakupata nafasi hata ya kuinua mguu. Namba ilikuwa imekwisha kufika.

Aliitazama namba hiyo, akaizima, akaosha uso.

*

Siku ya kumi na nne Mtukufu aliingia ukumbini na mawaziri wote arobaini na mmoja. Bwana Kihongwe alitoa hotuba ya dakika hamsini kuhusu ufupi. Kisha Mtukufu akashika swichi.

Ulinzi. Namba ikatokea papo hapo. Mtukufu akaruka nyuma kidogo.

Sherehe. Papo hapo. Barabara. Papo hapo. Mtukufu alicheka kwa sauti, akawa anaizungusha swichi huku na huku, na mawaziri wakashangilia kila mara, isipokuwa yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika. "Jirani na afe!" akapaza sauti. "Sekunde moja! Elimu! Afya! Ona! Ona!" Mheshimiwa Kingwande, pale mwishoni mwa safu alikojificha kwa unyenyekevu, aliiona swichi ikimjia. Mikono yake ikasahau kupiga makofi.

Maji.

Kioo kiliandika kwa herufi kubwa: Visima vya nchi, mia nne. Vinavyotoa maji, thelathini na kimoja. Chini yake, kwa rangi nyekundu: Gongwe, waliokufa kwa kipindupindu tangu pampu iharibike, mia mbili thelathini na wanane.

Mtukufu aliisoma namba hiyo midomo ikicheza.

"Hii ni nini?"

"Ni kipimo cha Maji, Mtukufu," alisema Sikudhani. "Magari yapo yadi. Linangojwa neno lako."

Na Mtukufu alifungua kinywa. Waliokuwepo wanaapa kwamba neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ila kabla halijatoka likapitwa na lingine.

"Mbona sijawahi kukiona?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kwa sababu ulikwenda kula. Lakini hilo si jibu la kumpa mtu mwenye jeshi. Hapo hapo Mheshimiwa Kingwande alipiga magoti, na machozi yake, ambayo siku zote yalikuwa tayari kwa kazi, yakamiminika.

"Mtukufu! Kimetokea kwa sekunde moja! Kitu kinachotokea kwa sekunde moja kilikuwa wapi? Si kilikuwa hapa hapa, mlangoni? Miaka minne mimi nauliza, maji yangu yako wapi, namba yangu iko wapi, naambiwa ngoja, mashine inakokotoa. Kumbe! Kumbe ilikuwa umbali wa sekunde moja! Sasa nani aliyekuwa amekaa juu yake?"

Mawaziri arobaini walimgeukia Sikudhani kwa pamoja, wakiwa wamefarijika sana.

"Mtukufu, si hivyo," alisema. "Fomula ndiyo ilikuwa..."

"Mmesikia?" alidakia Bwana Kihongwe. "Amekiri kulikuwa na fomula."

*

Walimfungia kwenye chumba cha mazulia mekundu, kwa kuwa jela zilikuwa zimejaa watu waliokuwa na haraka. Siku ya pili Bwana Kihongwe alimtembelea. Alibeba chai, kitumbua na karatasi moja, akaketi juu ya zulia lililokunjwa, akavua kofia.

"Binti yangu," alianza kwa upole, "Mtukufu anataka kusema 'Yaende.' Amelia. Nimemshuhudia mwenyewe. Lakini fikiria. Akilisema leo, watu watauliza, jana alikuwa wapi? Mkuu wa Nchi hawezi kuchelewa. Anaweza tu kucheleweshwa."

"Na aliyemchelewesha ndiye mimi."

"Unaelewa upesi. Ndilo tatizo lako."

"Mzee Kihongwe, barua yangu unayo. Iko ofisini kwako, ina sahihi kumi na nane."

"Barua iliyokosa sahihi ishirini na tatu si barua. Ni karatasi iliyochafuka." Akamsogezea ile nyingine. "Hii ndiyo barua. Inasema kwamba wewe, kwa chuki zako binafsi, uliificha namba ya Gongwe kwa miaka minne, na kwamba Mtukufu, kwa jicho lake la tai, aliifichua kwa sekunde moja. Inahitaji sahihi moja tu."

"Gongwe ni kwetu. Nani ataamini nimewaficha watu wa kwetu?"

"Wote. Itasomwa redioni."

Sikudhani aliisoma mara mbili. Uandishi ulikuwa safi kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kutoka ofisi ile. Hata nukta zilikaa mahali pake. Alimtazama yule mzee akitafuna kitumbua alichokuwa amemletea yeye, na alitamani kimkabe.

"Nikisaini, magari yanaondoka lini?"

"Kabla wino haujakauka."

"Na nisiposaini?"

Bwana Kihongwe alijifuta vidole. "Tutaunda tume," alisema.

Sikudhani akaomba kalamu.

*

Tuwe waadilifu: ahadi ilitimizwa. Saa nane mchana Mtukufu alisimama barazani, kamera zikamwelekea, akasema "Yaende" kwa sauti iliyowatoa watu machozi nchi nzima. Magari kumi na mawili yakatoka yadi. Matano yalibeba mahema, viti, bendi ya polisi na picha za Mtukufu. Saba yalibeba mitambo. Ndani ya siku tisa Gongwe ilikuwa na visima viwili virefu, vyenye maji baridi, na kwenye kila kimoja bamba la chuma lililoandikwa kwamba Mtukufu amewachimbia watu wake kisima hiki baada ya kumshinda adui Sikudhani. Watu waliacha kufa. Zahanati ikapewa shuka.

Redio ilisoma ungamo asubuhi, mchana na jioni. Bendi ikatunga wimbo unaoitwa Mficha Namba, na ulichezeka vizuri, ukapigwa hadi kwenye harusi. Mheshimiwa Kingwande alipewa nishani ya uvumilivu. Tume ya Kasi ilipewa nishani sitini na tatu, kisha ikabaini kwamba kasi ndiyo iliyoleta fedheha yote, ikaamuru fomula irudishwe kama ilivyokuwa, na juu yake kiongezwe kipimo kipya cha Shukrani, kitakachokokotolewa kabla ya vyote. Duma alibakizwa, kwa sababu Mtukufu alikuwa amemzoea.

Adhabu ya Sikudhani iliandikwa kwa huruma. Hakunyongwa. Aliamriwa arudi Gongwe akaishi na wale aliowaficha.

Aliteremka Gongwe siku ya Ijumaa, na sanduku moja na ndoo. Hakuna aliyemrushia jiwe. Watu walimpisha njia tu, kama wanavyompisha mtu aliyebeba kitu kinachonuka. Mama Tunu alikuwa ameketi kibarazani. Alimwona, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikudhani alifika kisimani, akamkuta dada yake anachota maji ya zahanati. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya wanawake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitikia Siwema bila kugeuka. Maji yalikuwa yakiingia ndooni kwa kelele.

"Dada, wewe unajua. Ulikuwa unanipigia kila Jumatatu. Unajua sikuwaficha."

"Najua hukuwaficha. Nimewaambia hata hawa. Nimegombana nao siku tatu kwa ajili yako." Alifunga bomba, akageuka. Alikuwa amekonda, na mvi zilikuwa zimemtoka pembeni mwa kitambaa. "Ila kuna kitu nataka kukuuliza mimi mwenyewe. Ile mashine. Kuitengeneza kulikuchukua muda gani?"

Sikudhani alikuwa na majibu mengi. Alikuwa na itifaki, na sahihi kumi na nane, na waziri aliyekuwa likizo, na cheo chake kidogo cha daraja la pili, na yote yalikuwa kweli.

"Asubuhi moja," alisema.

"Na ulijua namna ya kuitengeneza tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Siwema alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea jina jingine la kuandika. Akaweka ngata kichwani, akainama, akajitwika ndoo mwenyewe bila kungoja mtu wa kumsaidia, akaenda zake zahanati.